Injini ya gari la magurudumu sita la nchi kavu na majini imechoka: niifanyie ovaholi au niitoe kabisa?

Tope_na_Maji

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kushika haya magari madogo ya magurudumu sita, yale yanayokatiza tope na majani marefu kisha yanaingia majini na kuogelea kwa matairi yake yenyewe.

Langu ni Max II la zamani. Lina giaboksi ya T-20 ya Borg-Warner inayopokea nguvu ya injini kwa mkanda na puli mbili, ya mbele na ya nyuma, kisha cheni ndizo zinazopeleka nguvu kwenye ekseli. Bodi ya plastiki ni nzima, haina ufa hata mmoja. Tatizo ni injini. Iliyomo si ya kiwandani, aliyekuwa na gari kabla yangu ndiye aliyeifunga: ni Kohler K341, silinda moja, nguvu farasi 16, bloku ya chuma cha kusubu, valvu ziko ubavuni mwa silinda. Imefanya kazi miaka mingi na kwa kweli sina ugomvi nayo, ila sasa imezeeka. Ikishapata joto inatoa moshi wa bluu, hasa nikipiga resi baada ya kuiacha kwenye sailensa (ikizunguka polepole bila resi) kwa muda. Oili inapungua wakati chini hakuna hata tone. Chujio la hewa linalowa oili upande lilipo bomba la kupumulia. Kwenye kilima ambacho zamani ilikuwa inapanda bila shida, sasa inalalamika.

Nilifunga geji ya kompresheni, nikazungusha kwa stata. Namba iliyotoka ni ndogo mno, ndogo kuliko nilivyotegemea hata kwa injini iliyochoka.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, mngekuwa ninyi mngeifanyia ovaholi au mngeweka nyingine? Pili, kama ni kuweka nyingine, niangalie nini kabla sijanunua? Nimeona injini nyingi za shafti ya kulala zenye nguvu farasi zinazokaribiana na hii, lakini sijui kama farasi peke yake inatosha kuwa kigezo. Gari hili nalipenda na nataka liendelee kutembea.

---

Mvuka_Kinamasi

Mkuu, usihangaike na ovaholi. Ukishafungua hapo utakuta silinda imeliwa, pistoni imeliwa, na konekting rodi imelegea. Tafuta injini ya silinda mbili za V, ya farasi 25 au zaidi, ufunge. Mimi nalipenda gari lenye nguvu ya akiba. Kwenye tope zito hutajuta, na ukitaka kwenda polepole si unashika resi kidogo tu.

---

Bi_Spana

Mleta mada, pole na kazi, na hongera kwa kulitunza gari. Naomba niandike kwa urefu, maana haya magari nimeyafungua sana na kila mara naona watu wanaanza na swali la farasi ngapi. Farasi ni jambo la mwisho kabisa. Cha kwanza ni kujua injini uliyonayo imekufa kwa sababu gani, kwa kuwa kilichoiua hiyo bado kimekaa humo ndani ya bodi kinaisubiri itakayofuata.

Tuanze na ile geji yako. K341 ina kifaa kwenye kemshafti kinachoinua valvu ya ekzosi kidogo wakati injini inazungushwa polepole, ili stata isielemewe. Kwa hiyo geji ya kompresheni ukiitumia na stata itakupa namba ndogo hata kama injini ni mpya. Usiihukumu kwa namba hiyo. Kipimo cha haki ni kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi huku pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote mbili zimefunga, halafu usikilize hewa inatokea wapi. Funga flaiwili vizuri kwanza, na mikono iwe mbali na puli, kwa sababu hewa inaweza kuisukuma pistoni kwa nguvu na shafti ikazunguka ghafla. Ukisikia hewa inafoka kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi na silinda. Ikifoka kwenye bomba la ekzosi, ni valvu ya ekzosi haikai. Ikifoka kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Zikiwa ni valvu tu, hiyo ni kazi ya kusaga siti na kurekebisha nafasi zake, na injini inaweza kukurudia bila kutolewa kwenye gari. Lakini kwa moshi ulioueleza na oili inayopanda kwenye chujio, nadhani utasikia hewa inatokea kwenye oili.

Ikiwa hivyo, ovaholi ya K341 inawezekana. Bloku ni chuma, inaweza kuchongwa na kuwekewa pistoni ya saizi ya juu, inchi 0.010, 0.020 au 0.030. Lakini kabla hujachonga, pima na jonali ya krenkishafti (sehemu ya duara inayoshikwa na konekting rodi). Konekting rodi ya injini hii ni ya aluminiamu na inakaa moja kwa moja juu ya jonali, haina beringi za vipande zinazobadilishwa. Jonali ikiwa imekuwa yai, itabidi nayo ichongwe na utafute rodi ya saizi inayolingana. Hapo ndipo injini ya zamani inapoanza kukudai vitu vingi kuliko inavyostahili.

Na kuna jambo lingine ambalo kwangu lina uzito kuliko yote upande wa kuibadilisha. Injini hii inajipaka oili kwa kurusha: kuna kijiko chini ya konekting rodi kinachochota oili na kuitawanya. Kwa mashine ya kukata majani kwenye uwanja tambarare hiyo inatosha. Gari lako linapanda kingo za mito na kukaa limeinama. Ukiinama sana, kijiko kinachota hewa. Injini nyingi za silinda moja zinazouzwa leo nazo ziko hivyo hivyo. Honda GX390 kwa mfano, ambayo ni injini nzuri sana ya cc 389, nayo inategemea kurusha oili, na mwongozo wake unaweka kikomo cha kuinama nyuzi 20. Pia ina kitambuzi cha oili kinachoizima yenyewe oili ikishuka. Fikiria izimike hivyo ukiwa katikati ya maji kwa sababu tu gari limeinama. Kwa hiyo kama unabadilisha, badilisha uingie kwenye injini yenye pampu ya oili na chujio la oili. Hata hiyo ina kikomo cha kuinama, lakini oili inafika kwenye beringi kwa presha.

Kuhusu ushauri wa ndugu yangu Mvuka_Kinamasi wa farasi 25 na kuendelea, mimi hapo siungani naye. Haya magari hayana springi wala shokabsoba, matairi yenye upepo mdogo ndiyo yanayobeba kazi hiyo yote. Mwendo ukizidi yanarukaruka na unapoteza mkono. Majini nako nguvu ya ziada haina pa kwenda, kwa sababu matairi ndiyo makasia, na yakizunguka haraka kupita kiasi yanarusha maji juu tu. Kinachoongezeka kwa hakika ni mzigo kwenye cheni, sproketi na bendi za T-20 (vibano vya duara vya ndani ya giaboksi). Giaboksi ile inageuza gari kwa wenzo: ukivuta wa kushoto, magurudumu matatu ya kushoto yanaachiwa, ukizidi kuvuta yanashikwa breki, na yale ya kulia yanaendelea. Nguvu yote unayoongeza inapita hapo. Farasi 16 hadi 20 zinalitosha gari lako. Na angalia tangazo linasema farasi za namna gani, maana kuna kipimo cha injini tupu bila vikwazo na kipimo cha injini ikiwa na chujio lake na ekzosi yake. Honda wanaandika hicho cha pili, ndiyo maana GX390 inaandikwa farasi 11.7 wakati nakala zake zinatangazwa kwa 13 na zaidi.

Sasa vipimo. Usiitoe ya zamani kabla hujaviandika.

Chukua kwanza kipenyo cha shafti inapotoka kwenye injini. K341 nyingi nilizokutana nazo zina shafti ya inchi 1⅛, yaani milimita 28.575. Injini nyingi za sasa za ukubwa huu huja na inchi 1, yaani 25.4, nyingine na 1⅛. Ukinunua ya inchi 1, puli yako ya mbele itacheza juu ya shafti. Watu huweka bushi katikati, lakini fanya hesabu: ukuta wa bushi hiyo ni milimita 1.6 hivi tu, na kii yake (kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti) inabidi iwe ya ngazi. Puli ya klachi inayopigwa kila unapoanza kuondoka na kila unapoachia haitakiwi kukaa juu ya bushi kama hiyo. Nunua puli yenye tundu linalolingana na shafti, au tafuta injini yenye shafti inayolingana na puli. Angalia pia shafti imenyooka na ina njia ya kii, kwa sababu injini ile ile inaweza kutengenezwa na shafti ya koni kwa ajili ya jenereta, au yenye nyuzi kwa ajili ya pampu, au ikaja na giaboksi ya kupunguza mwendo imefungwa ubavuni. Picha ya tangazo haitakuonyesha hayo. Uliza herufi za modeli.

Halafu urefu wa shafti, kimo chake kutoka kwenye kitako cha injini hadi katikati ya shafti, umbali kutoka katikati ya shafti hii hadi katikati ya shafti ya puli ya nyuma, na matundu ya bolti. Mimi hukata plaiwudi au kadibodi ngumu nikatoboa matundu yote na kuchora mahali puli inaposimama. Kipande hicho kinakuambia mengi kuliko namba kwenye daftari. Mkanda wa aina hii unabadili uwiano wake wenyewe kwa puli kufunguka na kufunga. Ukiukalisha upande hata kidogo, unaliwa ukingo na unapata joto, na umbali ukipungua mkanda unalegea na gari linaondoka kwa kushtuka. Ikiwa injini mpya ina kimo kifupi, chini yake weka bamba nene la chuma lililochongwa vizuri. Usirundike washa.

Mwelekeo wa kuzunguka nao. Injini nyingi za viwandani za shafti ya kulala huzunguka kinyume cha mwendo wa saa ukiitazama shafti kwa mbele. Yako na hiyo mpya huenda zikafanana. Lakini ukiigeuza injini ikatazama upande mwingine ili ienee, umegeuza na mzunguko, na puli ya nyuma ina mteremko ndani yake uliokatwa kwa ajili ya mwelekeo mmoja. Ikizungushwa kinyume haitabana mkanda inavyotakiwa gari linapoelemewa.

Nimebakiza joto, na hili naomba ulichukulie kwa uzito wote. Injini inayopozwa kwa hewa ndani ya bodi iliyofungwa kama boti ina adui mmoja mkubwa: inavuta tena hewa iliyokwisha kuichemsha. Feni ya flaiwili inavuta hewa, inaipitisha kwenye mapezi ya silinda, hewa inatoka moto. Ikiwa hakuna ukuta unaotenganisha upande wa kuvuta na upande wa kutoa, hewa hiyo hiyo inazunguka. Joto linapanda, oili inakuwa nyepesi, ringi zinapoteza msukumo wake, siti za valvu zinapinda. Nina hakika karibu kamili kwamba sehemu ya uchovu wa injini yako ni hiyo. Fungua bati lililofunika silinda uangalie mapezi. Nategemea utakuta majani makavu na udongo uliokauka. Kabla ya kufunga injini mpya, jenga ukuta wa bati unaogusa bodi pande zote, wenye ukingo wa raba, hewa baridi iingie kutoka nje kwa tundu lililo juu kabisa ya mstari wa maji, na tundu hilo lisiwe dogo kuliko wavu wa kuvutia hewa wa injini. Hewa ya moto nayo ipewe njia yake ya kutokea.

Ukimaliza kupima tuandikie.

---

Ekseli_Tatu

Bi_Spana kamaliza mengi, naongeza ya majini kwa sababu mimi natumia Argo, gari jingine la aina hii, na muda wangu mwingi unapita kwenye maji.

Uzito. Injini mpya ikiwa nyepesi au nzito kuliko ya chuma uliyonayo, au ukiisogeza mbele au nyuma ili mkanda unyooke, gari litakaa tofauti majini. Mzigo unaoruhusiwa kubebwa majini ni mdogo kuliko wa nchi kavu, na ukingo wa bodi hauko mbali sana na maji hata gari likiwa halijabeba kitu. Kwa hiyo mara ya kwanza baada ya kufunga, ingia kwenye maji yasiyofika kiunoni, kamba imefungwa kwa mtu aliye nchi kavu, bila abiria na bila mizigo. Angalia linakaa sawa kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ndipo uongeze mtu mmoja.

Pampu ya kutoa maji. Hakikisha injini mpya ina chaji inayotosha pampu na taa pamoja, na kumbuka kwamba ikiwa kwenye sailensa chaji inakuwa ndogo. Hosi ya pampu ipande juu ya mstari wa maji kabla ya kutoka nje, la sivyo pampu ikisimama maji yanarudi ndani kwa njia ile ile. Nimeliona hili kwenye gari lililotoka kuwekewa injini mpya: hosi ilikuwa imeshushwa ili kupisha bomba la ekzosi.

Petroli. Injini nyingi mpya huja na tanki juu yake na petroli inashuka yenyewe. Kwenye gari letu tanki hilo unalitoa, unatumia la gari, ambalo mara nyingi liko chini ya kabureta. Utahitaji pampu, aidha ya umeme au ile ya kusukumwa na pigo la hewa kutoka kwenye krenkesi. Hii ya pili haina nyaya za kukusumbua lakini hosi ya pigo iwe fupi na ngumu. Na kwa kuwa chini ya bodi hakuna tundu, mvuke wa petroli ukivuja unajikusanya humo humo. Kabla ya kuwasha gari lililolala, fungua kifuniko, nusa, subiri lipumue.

Na ekzosi. Kila kiungo kiwe na gasketi nzima na mdomo wa bomba utoke nje kabisa. Ukifunga turubai la mvua juu ya gari, gesi inayovuja chini inapanda palipokaa watu, na sumu iliyomo, kaboni monoksaidi, haina harufu ya kukuonya. Bomba linapopita karibu na plastiki weka ngao ya bati yenye nafasi ya hewa katikati.

---

Mvuka_Kinamasi

Nimesoma, nimekubali kuhusu bendi za T-20. Gari langu mimi lina giaboksi ya aina nyingine, na nilikuwa naongea kwa uzoefu wa hilo. Mleta mada mfuate Bi_Spana kwenye suala la nguvu.

---

Tope_na_Maji

Asanteni sana, nimefanya kazi mliyonipa.

Hewa ya kompresa inafoka kwenye tundu la oili, na kwa nguvu. Valvu ya ekzosi nayo inavuja kidogo. Nilifungua silinda hedi nikapima silinda kwa geji ya ndani: juu, mahali ringi zinapogeuzia, imepanuka waziwazi kuliko chini, na upana wa mbele na nyuma haulingani na wa ubavuni. Nilipotoa bati la feni, Bi_Spana, ilikuwa kama ulivyosema. Mapezi ya upande wa nyuma yamezibwa na mbegu za majani na tope lililokauka hadi limekuwa gumu, nilitumia bisibisi kulitoa. Ukuta wa kutenganisha hewa haupo kabisa, na bomba la ekzosi linapita sentimita chache tu kutoka mahali feni inapovuta.

Nimeamua kubadilisha. Nimepata Vanguard ya Briggs & Stratton, silinda mbili za V, cc 570, farasi 18, ina pampu ya oili na chujio. Imetumika lakini nilikwenda na kompresa nikaipima silinda zote mbili, sauti ni ndogo na inafanana pande zote. Shafti yake imenyooka, inchi 1, ina kii. Yangu ya zamani ni 28.5 kwa kalipa, kwa hiyo natafuta puli ya mbele yenye tundu la inchi 1 badala ya bushi. Kimo cha shafti hakilingani, nitachongesha bamba.

Nimebaki na maswali ya umeme. K341 ina pointi, kondensa na koili ya nje, na swichi inapeleka volti 12 kwenye koili ikiwa imewashwa. Hii mpya ina waya mmoja mweusi tu unaotoka chini ya bati la feni. Je, niuunganishe huo mweusi mahali ulipokuwa waya wa koili?

---

Bi_Spana

Hapana, usiuunganishe hapo hata kwa kujaribu! Nimefurahi umeuliza kabla.

Koili ya K341 inakula umeme wa batri, kwa hiyo swichi ikiwashwa inaipelekea volti 12. Vanguard inajitengenezea cheche yenyewe kwa sumaku zilizo kwenye flaiwili, haihitaji batri. Ule waya mweusi kazi yake ni kuzima: ukigusishwa ethi (chuma cha injini), cheche inakatika. Ukiupelekea volti 12 unaua koili, na zipo mbili humo ndani. Kwa hiyo unahitaji swichi ya aina nyingine, ile ambayo ikiwa kwenye kuzima inaunganisha waya huo na ethi, na ikiwa kwenye kuwasha inauacha wazi. Waya uliokuwa wa koili ya zamani uondoe kabisa mpaka kwenye swichi, usiuache ukining'inia ndani ya gari linaloingia maji.

Angalia pia kama kabureta ya hiyo Vanguard ina solenoidi chini ya bakuli lake. Ikiwa nayo, hiyo ndiyo inayotaka volti 12 wakati swichi imewashwa, ili ifungue petroli. Watu wengi wanasahau waya huo, injini inakataa kuwaka, na wanaanza kulaumu cheche. Waya wa chaji unaotoka kwenye steta (koili za chaji zilizo chini ya flaiwili) upitie regyuleta yake mwenyewe, regyuleta ya K341 usiitumie. Na bodi ni ya plastiki, haipitishi ethi, kwa hiyo vuta waya mnene kutoka batri hadi kwenye bloku ya injini, bolti iliyokwanguliwa rangi.

Kuhusu ekzosi uliyosema inapita karibu na feni: ihamishe sasa hivi wakati pametupu. Itatoka upande wa pili wa ukuta utakaoujenga. Kwa kuwa V ina silinda mbili, bomba lake litakuwa na umbo tofauti kabisa na la zamani, hivyo usilichomelee kabla injini haijakaa kwenye nafasi yake ya mwisho na mkanda umenyooka. Anza na puli, maliza na ekzosi. Ukifanya kinyume utakata bomba mara ya pili.

Injini ikiwa nje, usiiache nafasi hii ipite. Zungusha kila ekseli kwa mkono, sikiliza beringi, sukuma grisi mpya mpaka ya zamani yenye maji itoke. Kagua sili zote za ekseli. Kaza cheni, na sproketi yenye meno yaliyolala upande mmoja itoe pamoja na cheni yake, usiweke cheni mpya juu ya meno mabovu. Rekebisha bendi za T-20, kwa sababu injini mpya yenye afya itaonyesha utelezi ambao ile iliyochoka ilikuwa haina nguvu ya kuuonyesha.

Ukishawasha, gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) iachie kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika ilivyotoka kiwandani. Kilicho muhimu zaidi ni sailensa. Ikiwa juu kuliko mahali puli ya mbele inapoanza kubana mkanda, mkanda utakuwa unaburuta muda wote na giaboksi itapiga kelele unapoingiza gia. Ishushe mpaka mkanda ubaki umesimama huku injini inazunguka vizuri. Kama bado unaburuta, springi za puli mpya ni laini mno kwa injini hiyo, tafuta ngumu kidogo.

Oili ibadilishe mapema baada ya masaa machache ya mwanzo, kwa kuwa injini imetumika na hujui ilikaa na oili gani. Baada ya safari ya kwanza majini chomoa kijiti uangalie. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na usiiwashe tena mpaka ujue yamepita wapi. Anzia kwenye bomba la kupumulia na boksi la chujio la hewa, hasa kama uliviweka chini kuliko vilivyokuwa vya K341.

---

Tope_na_Maji

Nimeelewa. Swichi nimeagiza ya kuzima kwa ethi, na kabureta kweli ina solenoidi, nilikuwa nimedhani ni skrubu ya kumwagia petroli. Wiki hii nachongesha bamba na kujenga ukuta wa hewa. Boksi la chujio la V liko chini zaidi kuliko la zamani, kwa hiyo nitalihamishia juu karibu na tundu la hewa baridi na kulivuta kwa hosi ngumu. Hosi ya kipenyo kile kile cha mdomo wa kabureta inatosha, au niongeze?

---

Bi_Spana

Ongeza. Hosi ndefu inabana hewa, kwa hiyo iwe pana kuliko mdomo wa kabureta, na ipunguze upana mwishoni tu inapofika kwenye kabureta. Isiwe na kona kali, na isiwe na sehemu iliyolegea ikashuka chini, kwa sababu maji yakiingia yatakaa hapo na kufyonzwa yote kwa pamoja. Chujio likae mwanzoni mwa hosi, huko juu, na viungo vyote baada ya chujio vifungwe kwa klipu za skrubu. Kiungo kinachovuta hewa baada ya chujio kinaingiza vumbi moja kwa moja kwenye silinda, na vumbi ndilo linalosaga ringi. Ukimaliza kufunga, injini ikiwa kwenye sailensa, ziba mdomo wa hosi kwa kiganja. Inatakiwa izimike mara moja. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuta hewa.